Utelezi wa Mawe ya Mtoni: Somo la Kuhesabu Diatomu

Kila mkulima aliyewahi kuvuka kijito kwa miguu mitupu anajua kwamba mawe ya mtoni huteleza. Ukiokota jiwe moja na kulikwaruza kwa ukucha, utapata ute wa rangi ya kahawia. Wengi wetu huuita uchafu, tukanawa mikono na kwenda zetu. Somo la mwezi huu linahusu ute huo, kwa maana sehemu kubwa yake si uchafu hata kidogo. Ni viumbe hai, maelfu kwa maelfu, navyo hutunza habari za mto kuliko karani ye yote.

Viumbe hivyo huitwa diatomu. Katika nchi yetu, diatomu za maziwa makubwa zimechunguzwa mara nyingi kuliko zile za vijito vidogo vinavyopita katika mashamba ya skimu. Kwa hiyo, siku moja huenda ukamwona mgeni amepiga magoti kando ya kijito chako, akisugua mawe kwa mswaki. Usimcheke wala usimfukuze kabla ya kumwuliza kazi yake. Ukilisoma somo hili mpaka mwisho utafahamu anatafuta nini, na kwa nini jambo hilo linakuhusu wewe mwenye shamba.

DIATOMU NI KITU GANI?

Diatomu ni viumbe vya jamii ya mwani. Kila kimoja ni chembe moja tu ya uhai. Kama yalivyo majani ya mahindi, diatomu hutengeneza chakula chake kwa nguvu ya mwanga wa jua. Rangi yake ya kahawia hutokana na rangi nyingine inayofunika ile ya kijani iliyo ndani yake.

Ukubwa wake ni mdogo mno. Nyingi za maji baridi zina urefu wa kati ya sehemu 10 na 100, ukigawanya milimita moja katika sehemu 1,000. Ukizipanga diatomu zenye urefu wa sehemu 20 kwa mstari mmoja, utahitaji 50 ili kujaza milimita moja. Ndiyo sababu jicho halioni moja moja, ila huona ute tu.

Jambo la ajabu ni nyumba yake. Diatomu hujijengea ganda la silika, ambayo ndiyo asili ya kioo. Ganda lina nusu mbili, na nusu moja huifunika nyingine, kama kopo la dawa ya viatu na kifuniko chake. Juu ya ganda kuna mistari na vitundu vilivyopangwa kwa utaratibu, na kila aina ina mpango wake. Nyingine ni mviringo kama sarafu. Nyingine ni nyembamba kama sindano. Nyingine zimechongoka pande zote mbili kama mashua, na jamii moja kubwa huitwa Navicula, maana yake mashua ndogo. Wataalamu huzitambua kwa alama hizo, kama vile wewe unavyowatambua ng'ombe wako kwa mabaka na pembe.

Duniani aina zilizokwisha kupewa majina hupita 10,000, na wataalamu wanaamini kwamba aina ambazo bado hazijaandikwa ni nyingi kuliko hizo.

ZINA FAIDA GANI?

Kwanza, diatomu ni malisho. Konokono, wadudu wachanga wa majini na samaki wengi hula ute wa mawe. Mto usio na ute mzuri ni kama shamba la ng'ombe lisilo na majani. Pili, husafisha hewa. Diatomu za bahari na za maji baridi kwa pamoja hutoa karibu sehemu moja ya tano ya oksijeni yote inayotengenezwa na viumbe duniani.

Tatu, hata zikifa zina kazi. Karibu na Gilgil, upande wa Elmenteita, kuna mahali paitwapo Kariandusi. Hapo udongo ni mweupe kama unga, na mwepesi ukiushika mkononi. Udongo huo ni maganda ya diatomu zilizoishi katika ziwa la kale, zikafa na kurundikana chini kwa miaka mingi sana, mpaka ziwa likakauka. Huchimbwa kwa ajili ya kuchujia vinywaji na mafuta, na kwa kazi nyingine nyingi. Ni mahali hapo hapo ambapo Louis Leakey, mwishoni mwa miaka ya 1920, alikuta shoka za mawe za watu wa kale.

Unga wa namna hii, ukiwa umetayarishwa kwa kazi hiyo, hutumika pia kuhifadhi nafaka. Fukusi hufunikwa na nta nyembamba inayozuia maji ya mwili wake yasikauke. Unga wa diatomu huinyonya na kuikwaruza nta hiyo, na mdudu akafa kwa kukauka. Lakini usichimbe udongo mweupe po pote ukautia katika mahindi yako. Nunua ule uliopimwa na kuruhusiwa, fuata maelezo ya mfuko, na ujifunge kitambaa puani, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu.

KWA NINI ZIHESABIWE?

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Kila aina ya diatomu ina maji inayoyapenda. Aina nyingi za jamii ya Eunotia hupenda maji yenye asidi kidogo na chumvi chache, kama yale ya vinamasi vya milimani. Achnanthidium minutissimum huonekana kwa wingi katika maji safi yanayotembea na yenye hewa nyingi. Nitzschia palea huvumilia maji yaliyoingiwa na samadi na taka, hata hustawi humo. Anomoeoneis sphaerophora hupenda maji ya magadi. Kwa hiyo, mtu akijua ni aina zipi zinazoishi juu ya jiwe, na kila aina ni ngapi, anaweza kueleza hali ya maji yale.

Labda utauliza, kwa nini asichote maji katika chupa akayapime? Jibu ni kwamba maji ya chupa hueleza habari za saa ile tu. Tuseme jirani aliye juu yako ameosha bomba lake la dawa mtoni siku ya Jumatatu. Mpimaji akija Ijumaa, maji yale yamekwisha kufika mbali, na chupa yake itaonyesha kwamba hakuna neno. Diatomu hazikwenda mahali. Zilikaa juu ya jiwe majuma mengi, zikinywa kila kilichopita. Zile dhaifu zimekufa, zile ngumu zimeongezeka. Chupa ni kama mgeni aliyepita njiani, bali jiwe ni kama mzee aliyekaa kijijini.

Sasa angalia jambo la pili. Mkulima mwenye ng'ombe 12 akiamka akakuta 11, hujua mara moja kwamba mmoja amepotea, kwa sababu alikuwa na hesabu yake. Asiyewahi kuhesabu hawezi kudai kitu. Ndivyo ilivyo kwa mto. Kama hatukuandika aina zilizomo leo, mto ukiharibika baada ya miaka 20 hakuna atakayeweza kusema ulikuwaje zamani, wala ulianza kuharibika wapi. Watu watabaki kubishana tu, wa juu akimlaumu wa chini, na wa chini akimlaumu wa juu.

FUNZO LA ZIWA VICTORIA

Mfano tunao karibu. Mwaka 1960 na 1961 mwanasayansi J. F. Talling alichunguza maji ya Ziwa Victoria. Wakati huo diatomu kubwa kubwa, za jamii inayoitwa leo Aulacoseira, zilikuwa nyingi ziwani. Waliochunguza baadaye walikuta mabadiliko makubwa. Kufikia miaka ya 1980 diatomu hizo zilikuwa zimepungua mno, na mahali pake pameshikwa na Nitzschia nyembamba pamoja na mwani wa rangi ya buluu na kijani, ambao ukizidi hufunika maji na kuyaharibu.

Sababu yake inamgusa mkulima. Watu na mashamba yalipoongezeka kando ya ziwa, udongo wenye rutuba na taka nyingi vilizidi kuingia majini. Fosfati ilipozidi, diatomu zilistawi kupita kiasi, zikaitumia silika ya ziwa kujengea maganda, kisha zikafa na kuzama nayo chini. Silika ikawa haba, na diatomu kubwa zinazohitaji silika nyingi zikashindwa. Habari hizi zote zisingejulikana sawasawa kama mtu hakufanya hesabu mapema, na kama matope ya chini ya ziwa hayakutunza maganda ya kale.

DAFTARI LA NAIVASHA

Matope hutunza habari za zamani kuliko hizo. Wakulima wa Kinangop wanajua kwamba mto Malewa hushuka na kuingia Ziwa Naivasha. Kila mwaka diatomu za ziwa hufa, maganda yao yakazama na kulala juu ya yale ya mwaka uliotangulia, kama kurasa za daftari. Wataalamu walishusha bomba katika shimo la ziwani penye Kisiwa cha Crescent, wakatoa nguzo ya matope, wakayasoma maganda tabaka kwa tabaka. Ziwa likijaa, maji huwa matamu na diatomu za maji matamu huongezeka. Ziwa likipungua, chumvi huzidi, na diatomu zinazovumilia chumvi huchukua nafasi.

Kazi yao, iliyotangazwa mwaka 2000, ilieleza habari za mvua na ukame kwa miaka 1,100. Ilionyesha nyakati tatu za ukame mrefu: takriban mwaka 1380 mpaka 1420, mwaka 1560 mpaka 1620, na mwaka 1760 mpaka 1840. Ukame huo ulikuwa mkali kuliko ukame wo wote ulioandikwa katika karne ya 20. Habari hizi zililingana na masimulizi ya wazee juu ya njaa na kuhama kwa makabila. Mkulima afikiri jambo hili: nchi yetu imewahi kuona miaka 40, 60, hata 80 ya ukame, na inaweza kuona tena. Anayelinda chemchemi yake leo anamwekea akiba mjukuu wake.

KAZI ILIYOKWISHA KUFANYWA

Kazi ya kuziandika diatomu za Afrika ya Mashariki ilianza zamani. Otto Müller wa Ujerumani alianza mwaka 1903 kutangaza aina za nchi ya Ziwa Nyasa na jirani zake. Mjerumani mwingine, Friedrich Hustedt, aliandika mwaka 1922 juu ya diatomu zilizokusanywa Afrika ya Mashariki mwaka 1910, na mwaka 1949 akaandika juu ya zile za Mbuga ya Albert katika Kongo, iitwayo leo Virunga. Vioo vyake vimehifadhiwa Bremerhaven, Ujerumani, na mpaka sasa watafiti huenda kuvitazama. Mwaka 1986 bibi Françoise Gasse wa Ufaransa alitoa kitabu kikubwa juu ya diatomu za Afrika ya Mashariki na maji zinamoishi.

Hata hivyo, kuna kasoro moja ambayo wataalamu wenyewe wanaikiri. Vitabu vingi vya kutambulisha aina viliandikwa Ulaya. Mtafiti wa Afrika akikuta diatomu inayofanana na ya Ulaya, mara nyingi ameipa jina lile lile, kumbe pengine ni aina nyingine yenye tabia nyingine. Vipimo vya usafi wa maji vilivyotungwa Ulaya vikitumiwa hapa kwa majina hayo, vinaweza kudanganya. Ni sawa na kumpima ng'ombe wa Borana kwa kawaida ya Friesian: utasema ni mbovu, kumbe ni mzuri kwa nchi yake. Dawa ya kasoro hii ni moja tu, nayo ni kwenda mito yetu wenyewe, kuchukua, kutazama, kuchora na kuandika.

JINSI HESABU INAVYOFANYWA

Mkulima aliyealikwa kuwasaidia wachunguzi, au mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake, na afuate utaratibu huu.

1. Kuchagua mahali. Mto hauchukuliwi mahali pamoja. Chagua vituo kuanzia juu msituni, kisha penye malisho, penye viazi na kabichi, chini ya soko au mji, na mwisho mto unapoingia ziwani. Kila kituo kiwe na jina. Hapa wakulima ni walimu wa wachunguzi, maana vijito vingi havina jina katika ramani lakini vina jina vinywani mwa watu.

2. Kuchagua wakati. Baada ya mvua kubwa mafuriko hukwaruza mawe na kuondoa ute. Ngoja majuma kadha mpaka mto utulie. Rudi tena katika majira mengine, kwa kuwa aina za kiangazi si lazima ziwe zile za masika.

3. Kuchukua. Chukua mawe matano au zaidi, penye maji yanayotembea na yasiyokauka, na mahali palipo na mwanga. Yasuuze polepole mtoni ili mchanga uondoke. Weka mawe katika sinia, sugua upande wa juu kwa mswaki, na uoshe kwa maji kidogo. Maji ya kahawia yanayobaki ndiyo mali yako. Yatie katika chupa. Kwa kila kituo tumia mswaki mpya, la sivyo utabeba diatomu za kituo kimoja na kuzitia katika hesabu ya kingine. Penye matope au majani ya majini, chukua pia, lakini katika chupa mbali, kwa sababu kila makao yana wenyeji wake.

4. Kuhifadhi na kuandika. Tia spiriti au dawa ya ayodini ili zisioze. Andika karatasi kwa penseli, kwa maana wino huyeyuka: jina la mto, mahali, tarehe, na aliyechukua. Katika daftari andika joto la maji, asidi yake, wingi wa chumvi, kina, kivuli, na kazi inayofanywa kando ya mto. Chupa isiyo na maandishi haina faida, hata ikiwa na diatomu za ajabu namna gani.

5. Kusafisha. Kazi hii ni ya maabara, wala si ya jikoni, kwa sababu dawa zake huunguza. Ute huchemshwa katika dawa kali mpaka vitu vyote laini viishe, yabaki maganda matupu ya silika. Husuuzwa mara nyingi, kisha tone moja hukaushwa juu ya kioo chembamba na kugandishwa kwa gundi maalum inayofanya mistari ya ganda ionekane.

6. Kuhesabu. Mtaalamu hutazama kwa hadubini inayokuza mara 1,000. Kwa kawaida huhesabu nusu ganda 400 katika kila kioo, akiandika kila moja ni ya aina gani. Ile asiyoijua huipiga picha na kuipima, wala haipi jina kwa kubahatisha. Kioo chenyewe huwekwa akiba, ili mwingine aje kukitazama baada ya miaka 50 au 100.

KUSOMA MATOKEO

Tuseme vijito viwili vimehesabiwa. Katika kijito cha kwanza, kati ya maganda 400, 360 ni ya aina moja, na 40 yaliyobaki ni ya aina tano. Katika kijito cha pili, maganda 400 yamegawanyika katika aina 30, na hakuna aina inayotawala. Kijito cha kwanza kina aina 6 tu, tena moja imezimeza nyingine. Cha pili ni kama shamba lenye mahindi, maharagwe, viazi, malisho na miti.

Je, tuseme mara moja kwamba cha kwanza ni kibovu? La. Hapa wengi hukosea. Kijito safi chenye maji baridi kinachotoka mlimani kinaweza kuwa na aina chache kwa asili yake, na rutuba kidogo ikiingia mtoni inaweza kuongeza aina kabla ya kuzipunguza. Kwa hiyo, mtaalamu hutazama mambo matatu pamoja: aina ni ngapi, zimegawanyika vipi, na ni aina zipi. Kisha hulinganisha kijito na kingine kinachofanana nacho, chenye mwinuko ule ule na mawe ya namna ile ile, ambacho bado kiko katika msitu. Hivyo ndivyo watafiti walivyofanya Tanzania, karibu na Ziwa Tanganyika, katika kazi iliyotangazwa mwaka 2006: walilinganisha diatomu za vijito vya msitu wa Gombe na zile za vijito vya jirani ambako miti ilikuwa imekatwa.

JAMBO AMBALO DIATOMU HAZISEMI

Mkulima asidanganyike. Diatomu hueleza habari za rutuba, chumvi, asidi, udongo na taka. Hazielezi kama maji yana vijidudu vya homa ya matumbo au vya kuhara. Maji yenye diatomu nzuri yanaweza kuwa na vijidudu hivyo vilevile. Maji ya mtoni ya kunywa na yachemshwe, au yatiwe dawa, siku zote.

WAJIBU WA MKULIMA

Hesabu haiponyi mto. Hueleza ugonjwa tu, na dawa imo mikononi mwa wenye mashamba. Yafuatayo yako katika uwezo wa kila mtu:

(a) Acha ukanda wa majani na miti ya asili kando ya mto, usilime mpaka ukingoni. Mwulize Afisa wa Kilimo upana unaotakiwa na sheria. Ukanda huo huzuia udongo na mbolea visiingie majini.

(b) Lima kwa kufuata matuta. Udongo unaofunika mawe huzika malisho ya samaki, nao ni rutuba yako mwenyewe inayokwenda bure.

(c) Usitie mbolea mvua kubwa ikikaribia. Itaoshwa, nawe utakuwa umelipa fedha ili kulisha mwani wa ziwa.

(d) Usioshe bomba la dawa mtoni, wala usitupe makopo yake humo. Dawa za shaba zinazopigwa kwenye viazi, na nyingi za kuua magugu, huua pia mwani.

(e) Wanyweshe ng'ombe kwenye hori lililo mbali na ukingo. Kwato huvunja ukingo, na samadi iliyotakiwa shambani huharibikia mtoni.

(f) Usipande mikaratusi kando ya chemchemi.

(g) Wachunguzi wakija, waulize barua yao ya ruhusa. Ukiridhika, waonyeshe njia, watajie majina ya vijito, na waeleze mto ulivyokuwa zamani. Nao wana wajibu wa kurudi na kuwaeleza matokeo kwa lugha mnayoielewa. Katibu wa chama cha watumia maji na ayaweke matokeo hayo katika jalada, pamoja na tarehe.

Mashamba mengi ya skimu yaligawanywa tangu miaka ya 1960, na mipaka yake ilipimwa kwa mnyororo na kupigwa alama. Mtu akisogeza alama hata hatua moja, jirani hujua na kwenda kwa mzee wa mtaa. Mto haukupigwa alama, ingawa ni mali ya wote wanaokaa kando yake. Hesabu ya diatomu ndiyo alama ya mto. Ikiwekwa leo, watoto wetu watakuwa na mahali pa kuanzia kupima kama mto wao umesogea upande wa heri au wa shari.

MASWALI YA KUJIJARIBU

Someni maswali haya katika mkutano wa chama au darasa la jioni. Anayejua kusoma na awasomee wenzake.

1. Ganda la diatomu limetengenezwa kwa kitu gani, nalo linafanana na nini?

2. Kwa nini jiwe hueleza habari za mto kuliko chupa ya maji?

3. Ni jambo gani lililozipunguza diatomu kubwa za Ziwa Victoria?

4. Matope ya Ziwa Naivasha yalionyesha nyakati ngapi za ukame mrefu, nao ulikuwa wa miaka mingapi?

5. Kwa nini si vizuri kutumia mswaki mmoja kwa vituo viwili?

6. Kijito chenye aina chache za diatomu ni lazima kiwe kibovu? Eleza sababu.

7. Taja kijito kilicho karibu na shamba lako. Nani yuko juu yako, na nani yuko chini yako? Ni jambo gani moja utakalolianza mwezi huu kwa ajili ya yule aliye chini?